Mji Uliokuwa Katika Karatasi

Siku moja mzee mmoja alifika ofisini kwetu akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakuja kutafuta mbegu wala shauri la mbolea. "Mwalimu," akaniambia, maana wazee wa huku wangali wakiniita hivyo ingawa niliiacha chaki zamani, "nisomee karatasi hii, kisha uniambie kama ni ya kweli."

Lilikuwa tangazo la ploti. Picha yake ilionyesha barabara ya lami, miti iliyopandwa kwa mstari, shule, zahanati na nyumba za matofali. Mzee alikuwa ameambiwa kwamba akiuza ng'ombe wake wawili na kukopa kiasi kidogo atapata ploti tatu, na baada ya miaka miwili bei yake itakuwa mara tatu.

Nilimjibu kwamba mimi ni karani wa kilimo, siri za wauza ploti sizijui. Lakini picha ile ilinikumbusha habari za mji mmoja wa Marekani ulioitwa Nininger. Nikamvutia kiti, nikamsimulia. Na sasa, msomaji, nakusimulia na wewe, kwa sababu habari hii ni ya wakulima tangu mwanzo wake hata mwisho.

ARDHI YAPIMWA KWA MNYORORO

Kwanza yafaa tujue jinsi ardhi yenyewe ilivyouzwa. Wamarekani walipopata uhuru wao kwa Waingereza mwaka 1783 walikuwa na madeni mengi ya vita na fedha kidogo sana. Walichokuwa nacho ni madai juu ya nchi kubwa ya upande wa magharibi. Nchi hiyo ilikuwa na wenyewe, na habari zao zitakuja mbele. Sheria ya mwaka 1785 iliamuru nchi hiyo ipimwe, kisha iuzwe, ili Serikali ipate fedha.

Wapima ardhi walitumia mnyororo wa futi 66. Minyororo 80 ni maili moja. Kipande chenye urefu wa minyororo 10 na upana wa mnyororo 1 ni ekari, ndiyo ekari hii hii tunayoitumia sisi katika mashamba yetu. Nchi ikakatwa katika miraba ya maili 6 kwa maili 6, na kila mraba ukakatwa vipande 36 vya ekari 640. Kila kipande kilipewa namba yake. Kipande namba 16 kiliwekwa kwa ajili ya shule.

Mpango huo ulikuwa mzuri, na uliondoa magomvi mengi ya mipaka. Lakini ulikuwa na jambo moja la hatari. Ardhi ikishapewa namba yaweza kuuzwa na mtu ambaye hajaikanyaga, kwa mtu ambaye hataiona kamwe. Mtu aliweza kukaa New York, tena ng'ambo ya bahari huko London, akanunua na kuuza nchi ya magharibi kama anayecheza bao.

Tena bei ya kwanza haikumfaa mkulima. Ilikuwa dola 1 kwa ekari, lakini hukuruhusiwa kununua chini ya ekari 640. Mtu mwenye jembe na watoto sita angezitoa wapi dola 640? Walionunua walikuwa matajiri na makampuni yao.

Mwaka 1800 sheria ililegezwa. Mtu aliweza kununua ekari 320 kwa dola 2 kila ekari, akatoa robo ya fedha, na zilizobaki akazilipa katika muda wa miaka minne. Watu wakaona mlango umefunguka. Bei ya pamba na ngano ilipopanda, wakulima na walanguzi wote wakanunua kuliko walivyoweza kulima. Kisha mwaka 1819 bei ya mazao ikaanguka, benki zikafunga milango, na ikaonekana kwamba wanunuzi wanadaiwa na Serikali zaidi ya dola milioni 20. Mwaka uliofuata Bunge lao likaondoa mkopo kabisa. Bei ikashuka kuwa dola 1 na senti 25 kwa ekari, kipande kidogo kikawa ekari 80, na fedha zote zikawa za kulipwa papo hapo.

Kwa hiyo, msomaji, shika hesabu hii moja: shamba la ekari 160 liligharimu dola 200 taslimu.

NAMNA TATU ZA KULANGUA

Walanguzi walipata faida kwa njia nyingi, lakini kubwa zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni kununua na kungoja. Mlanguzi alinunua ardhi nyingi mnadani, akaiacha vichakani. Wakulima waliokuwa jirani wakakata miti, wakatengeneza njia, wakajenga shule na madaraja. Kila daraja walilojenga lilipandisha bei ya ardhi ya yule ambaye hakubeba hata jiwe. Baadaye akawauzia watoto wao.

Ya pili ni kumkopesha mkulima. Wengi waliokwenda magharibi walijenga vibanda na kulima kabla ya mnada kufika. Siku ya mnada ilipotangazwa hawakuwa na dola 200. Huko Iowa wakulima walifanya vyama vya kulinda mashamba yao. Waliandika majina na mipaka katika daftari, wakamchagua mtu mmoja awanunulie wote kwa bei ya chini, na wengine wakasimama kando wakimwangalia kwa jicho kali mgeni yeyote atakayethubutu kuongeza bei. Lakini chama hakikuweza kuumba dola. Hapo akatokea mwenye fedha. Alilinunua shamba kwa jina lake mwenyewe, kwa mapatano kwamba mkulima atamrudishia fedha zake baada ya mwaka mmoja pamoja na riba. Katika miaka ya 1850 riba hiyo iliweza kufika asilimia 30 au 40 kwa mwaka. Mkulima akishindwa, shamba pamoja na nyumba na matuta yake ni mali ya mkopeshaji.

Huko Minnesota, katika miaka hiyo hiyo, riba ya asilimia 3 kwa mwezi ilikuwa jambo la kawaida. Asilimia 3 husikika kama kitu kidogo. Piga hesabu: dola 200 kwa asilimia 3 ni dola 6 kila mwezi, nazo ni dola 72 kwa mwaka, na zile dola 200 bado ziko pale pale zinakungoja.

Ya tatu ilikuwa kuumba mji. Hii ndiyo iliyowapofusha watu wengi, kwa sababu hesabu yake ni tamu. Chukua mfano. Umenunua ekari 160 kwa dola 200. Toa ekari 40 za barabara, zabaki 120. Kata kila ekari ploti 6, unazo ploti 720. Uza kila moja kwa dola 10 tu, umepata dola 7,200. Hukupanda hata mbegu moja. Ulichohitaji ni mpima ardhi, mchoraji wa picha, na watu wa kuamini.

CHICAGO: MJI ULIKUJA, DENI LIKATANGULIA

Usifikiri kwamba miji yote hiyo ilikuwa uongo. Mwaka 1830 ploti za Chicago zilipimwa na kuuzwa mahali penye tope na vibanda vichache tu. Ilisemekana kwamba mfereji utachimbwa kuunganisha ziwa na mito iendayo kusini. Mwaka 1833 Wapotawatomi na jamaa zao walitia sahihi mkataba wa kuiachia Serikali ya Marekani ekari zipatazo milioni 5, wakahamishwa ng'ambo ya mto Mississippi. Baada ya hapo watu wakamiminika.

Mwaka 1835 kijana aliyeitwa William Ogden alitumwa kutoka New York kuangalia ardhi ambayo shemeji yake alishiriki kuinunua huko Chicago kwa dola 100,000. Alikuta maji yamejaa, miguu inazama. Alikasirika kwa upumbavu wa ununuzi ule. Lakini alipoikausha na kuikata ploti, aliuza kiasi cha theluthi moja tu akarudisha fedha zote. Ogden mwenyewe hakuamini, ila wanunuzi waliamini.

Wakati huo nchi nzima ilikuwa imeshikwa na homa hiyo. Benki ndogo ndogo zilichapisha noti, watu wakakopa noti hizo wakanunua ardhi, kisha wakaiweka ardhi rehani wakapata noti nyingine, wakanunua tena. Mwaka 1836 pekee Serikali iliuza ekari zipatazo milioni 20. Mwezi wa Julai mwaka huo Rais Andrew Jackson akaamuru kwamba ofisi za ardhi zipokee dhahabu na fedha tu, wala si noti za mlanguzi. Mwezi wa Mei mwaka 1837 benki za New York zikaacha kubadilisha noti kwa dhahabu. Bei ya ploti za Chicago ikaporomoka, na watu waliojiita matajiri wakakosa nauli ya kurudi kwao.

Sasa nataka uangalie vizuri jambo hili. Waliosema kwamba Chicago utakuwa mji mkubwa hawakukosea. Mfereji ulifunguliwa mwaka 1848, na mwaka huo huo reli ya kwanza ikaanza, Ogden mwenyewe akiwa kiongozi wake. Mji ukawa mkubwa kuliko walivyoota. Lakini aliyenunua kwa deni mwaka 1836 hakuwapo kuula utamu wake, maana wadai walikuja mwaka 1837. Aliona kweli mahali pazuri, ila deni lake lilikuwa na tarehe, na ndoto yake haikuwa na tarehe.

NININGER: MJI HAUKUJA KABISA

Ajali hiyo ilisahauliwa upesi. Baada ya miaka 20 homa ikarudi, safari hii kaskazini zaidi, katika nchi ya Minnesota. Mwaka 1856 John Nininger, pamoja na wakili kijana kutoka Philadelphia aliyeitwa Ignatius Donnelly, walianzisha mji kando ya mto Mississippi, karibu na Hastings, chini kidogo ya St. Paul. Waliuita Nininger.

Donnelly hakuwa mwizi. Aliuamini mji wake kwa moyo wote, na hili ndilo linaloifanya habari yake ituhusu. Mwizi twaweza kumjua kwa macho yake. Mtu anayekuuzia ndoto ambayo yeye mwenyewe anaiota ni vigumu zaidi kumkataa.

Walichapisha gazeti la kuwaita wahamiaji, kwa Kiingereza na kwa Kijerumani, wakiisifu Nininger na mambo yake makubwa yanayokuja. Watu walikuja kweli. Nyumba zikajengwa, stima zikafika gatini, watu mia kadhaa wakakaa hapo. Reli ilizungumzwa sana. Hakuna treni iliyofika.

Mwezi wa Agosti mwaka 1857 kampuni moja kubwa ya fedha ilianguka huko New York. Nininger ilikuwa mbali sana na New York, lakini fedha zilizojenga nyumba zake zilitoka upande huo. Wakopeshaji wakataka chao, wanunuzi wakatoweka. Ploti ambayo watu waliigombania haikupata hata mtu wa kuiuliza bei. Wenyeji wakahama mmoja mmoja, na kwa kuwa nyumba zilikuwa za mbao, nyingine zilihamishwa pamoja nao, zikakokotwa mpaka Hastings na kwingineko.

Donnelly alibaki, mwenye madeni mengi na mji usio na watu. Ndipo akafanya jambo la maana kuliko yote aliyofanya pale: akapanda ngano katika ardhi aliyokuwa ameipima kuwa ploti. Ardhi ile haikuwa mbaya hata kidogo. Ilikuwa shamba zuri tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyeiuliza kama ni shamba.

WENYE NCHI WA KWANZA

Nilipofika hapa mzee aliniuliza swali ambalo nalikuwa nalingojea: "Na huko Minnesota walikuwa wakikaa nani kabla ya hao?"

Nchi ilikuwa ya Wadakota, mmoja wa mataifa ya wenyeji ambao Wazungu waliwaita Wahindi Wekundu. Mwaka 1851, kwa mikataba miwili, waliiachia Serikali ya Marekani ekari zipatazo milioni 24, na nchi ya Nininger ilikuwa ndani yake. Katika mkutano wa Traverse des Sioux wazee wao walitia sahihi nakala mbili za mkataba. Kisha wakaongozwa kwenye karatasi ya tatu. Hawakusomewa wala kuelezwa vizuri, na wengi wao walisema baadaye kwamba walidhani ni nakala nyingine ya mkataba ule ule. Kumbe ilikuwa ahadi ya kuwalipa wachuuzi madeni yao kutoka katika fedha za ardhi iliyouzwa.

Fedha zilizobaki zilikuwa za kulipwa kidogo kidogo kila mwaka. Mwaka 1862 malipo yalichelewa, njaa ikaingia, na vita vikatokea. Mwaka 1863 sheria ikapitishwa ya kuwafukuza Wadakota kutoka Minnesota.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sahihi ya tatu ndiyo iliyowaua." Sikuwa na la kuongeza.

ARDHI YA BURE NA HILA ZAKE

Mwaka huo huo wa 1862, tarehe 20 Mei, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kumpa mkulima ekari 160 kwa ada ndogo tu, mradi akae juu yake miaka mitano, ajenge na kulima. Ilikuwa sheria njema, na kabla haijaondolewa watu wapatao milioni 1 na laki 6 walipata hati zao kwa njia hiyo.

Hata hivyo hila hazikukosa. Sheria ilimruhusu mtu asiyetaka kungoja miaka mitano ainunue ardhi ile baada ya miezi sita kwa dola 1 na senti 25 kwa ekari, na walanguzi wakawatuma vibarua wao kufanya hivyo. Inasimuliwa kwamba wengine waliapa wamejenga nyumba ya 12 kwa 14, bila kusema kama ni futi au inchi, na nyumba yenyewe ingeweza kukaa juu ya meza. Tena makampuni ya reli yalikuwa yamepewa ekari zaidi ya milioni 100, nyingi zikiwa karibu na njia ya treni. Mkulima aliyetaka kukaa karibu na stesheni ilimbidi ainunue kwa kampuni, na aliyetaka ya bure akaenda mbali.

Na Donnelly je? Aliingia Bungeni, kisha kwa miaka mingi akawa msemaji wa wakulima dhidi ya wakopeshaji na makampuni ya reli. Mwaka 1892 chama kipya cha wakulima kilikutana Omaha, kikadai pamoja na mengine kwamba ardhi isihodhiwe kwa ajili ya ulanguzi. Dibaji ya madai hayo iliandikwa na Ignatius Donnelly, yule yule wa Nininger. Alikuwa amejifunza mahali penye karo kubwa.

MAMBO YA KUSHIKA

Msomaji, mimi sisemi kwamba kununua ardhi ni kosa. Wazee wetu wamenunua, na wengi wamefaidika. Nasema tu uyashike haya:

1. Ikanyage ardhi kwanza. Nenda wakati wa mvua, uone maji yanakaa wapi. Waulize majirani ni ya nani na ina ugomvi gani.

2. Usitosheke na hati unayoonyeshwa mkononi. Nenda ofisi ya ardhi ukaulize daftari lao linasema nini juu ya namba hiyo, na kama imewekwa rehani.

3. Uliza ardhi hiyo italeta nini mwaka huu kama haitauzwa. Kama jibu ni "hakuna", basi unanunua tumaini, na tumaini lina bei yake pia.

4. Usikope kwa kutegemea bei itakayopanda. Kopa kwa kutegemea kitu unachokijua: debe za maziwa, magunia ya mahindi, mshahara. Deni lina tarehe.

5. Usitie sahihi karatasi usiyosomewa yote, hata ikiwa ni ya tatu na umechoka. Mwenye nyumba yako na watoto wako wakubwa wawepo, wasikie.

Baada ya majuma mawili mzee alirudi, viatu vyake vimejaa udongo mwekundu. Alikuwa amekwenda kuiona ile ardhi. Shule ya kwenye picha hakuiona, wala barabara. Alimkuta kijana akilisha mbuzi, ambaye hakuwa amesikia habari za ploti zozote.

Kisha akaniambia jambo alilonificha siku ya kwanza. Siku alipokuja na karatasi yake alikuwa ameshatoa arbuni: ng'ombe mmoja alikuwa amekwisha kuuzwa. Tukaandika barua pamoja kudai fedha zake, nikaipiga chapa mwenyewe, na mpaka leo hatujapata jibu.

Ng'ombe wa pili yuko zizini. Anatoa maziwa asubuhi na jioni.